Maswali ya wasomaji: Kifaa kipya, tuagize vingapi kwanza?

SWALI: Tumeunda kifaa kinachopima joto la friji za maduka ya dawa na kumtumia mwenye duka meseji joto likitoka nje ya nyuzi 2 hadi 8. Mezani kwetu kinafanya kazi vizuri. Kiwanda kimoja cha China kinasema tukiagiza vipande 1,000, bei ya kimoja itashuka karibu nusu. Tuagize? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Msiagize elfu. Agizeni kumi. Bei ile ni nafuu iwapo vyote vitauzwa. Bodi ya elektroniki iliyo ndani ya kifaa ikionekana na kasoro baada ya kuuza mia moja, mia tisa vilivyobaki stoo ni mkopo usiolipika. Na kasoro zipo, maana friji ya dukani ina mambo ambayo meza ya fundi haina.

Anzeni na kihisio, yaani kile kinachopima joto. Kikining'inia hewani, kila mlango unapofunguliwa joto la hewa linapanda na meseji inatoka, ilhali insulini yenyewe bado ni ya baridi. Meseji kama hizo zikizidi, mwenye duka ataacha kuzisoma, na hapo biashara imekwisha. Kizamisheni katika kichupa cha glikoli, kimiminika kisichoganda kwa urahisi, ili joto linalosomwa lipande na kushuka polepole kama la dawa, na meseji ya joto kali itoke pale tu joto linapokaa juu ya 8 kwa muda mliopanga. Upande wa baridi msisubiri: joto likikaribia 0, meseji itoke papo hapo, kwa sababu insulini ikishaganda haifai tena. Vihisio bandia vya DS18B20, aina inayotumika sana kupima joto, vimejaa sokoni, kwa hiyo zamisheni vyote kumi katika maji yenye barafu iliyopondwa, mkikoroga. Kisichosoma 0, kwa tofauti isiyozidi nusu nyuzi, kiwekeni kando.

Kisha umeme. Moduli ya simu aina ya SIM800L inaweza kuvuta hadi ampea 2 kwa kufumba na kufumbua inapotuma. Chaja ikiwa hafifu au waya mwembamba, volti inaporomoka na kifaa kinajizima na kujiwasha katikati ya meseji. Wekeni kapasita (kifaa kidogo kinachotunza umeme na kuutoa ghafla) ya mikrofaradi 1,000 jirani kabisa na moduli, pamoja na betri ya akiba, kwani saa ambayo mteja anawahitaji zaidi ni ile umeme umekatika. Kasha nunueni lililo tayari kwenye duka la vifaa vya umeme, mtoboe wenyewe. Kalibu ya kutengenezea kasha la plastiki ni ghali, na bodi ikibadilika kidogo tu haitumiki tena.

Lakini hata kabla ya hivyo kumi, kuna jambo zito kuliko elektroniki: nani atalipa? Nunueni vipimajoto vitano vya dukani vinavyotunza kumbukumbu, viwekeni katika maduka matano kwa mwezi mmoja, mvisome wenyewe kila siku na kumwandikia mwenye duka meseji kwa mkono. Tozeni ada ya mwezi tangu mwanzo. Atakayewaambia "kazi nzuri sana" bila kutoa hela amewapa heshima tu. Andikeni mapema, kwa mfano, kwamba matatu kati ya matano lazima yalipe mwezi wa pili. Yasipofika, badilisheni bei au mlipaji. Angalieni pia muuzaji wa kaunta: akiona kifaa ni cha kumchunguza, atachomoa waya. Meseji imfikie yeye kwanza, bosi baadaye.

Kipimajoto cha zamani cha duka kibaki na daftari lake liendelee kujazwa muda wote wa majaribio. Kupunguza gharama kusiguse usalama wa mgonjwa. Taratibu za TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba) na uidhinishaji wa TCRA (mamlaka ya mawasiliano) kwa vifaa vya mawasiliano ulizieni sasa, msisubiri mzigo uwe bandarini.

SWALI: Programu yetu ni ya kukusanya marejesho ya mikopo ya vikundi, ila wanaoijaribu wanaitumia kwa mambo mengine. Tuwazuie? (Msomaji, Nakuru)

JIBU: La. M-Pesa ilianza majaribio Kenya mwaka 2005 ikiwa na wateja wasiofika 500, na lengo lilikuwa hilo hilo la kurejesha mikopo midogo. Wateja wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao. Ilipozinduliwa Machi 2007, ilijinadi kwa kazi moja: kutuma pesa nyumbani. Upande wa marejesho nao ulikuwa mgumu, kwa kuwa mfumo ulikuwa haujaungana vizuri na vitabu vya hesabu vya taasisi ya mikopo iliyoshiriki majaribio.

Chagueni watumiaji kumi wanaokwenda kinyume, mkae na kila mmoja akiwa na simu mkononi, awaonyeshe muamala wake wa mwisho hatua kwa hatua. Msimuulize angependa nini. Wakiwa wengi wanafanya jambo moja, na wanalirudia kila wiki, tengenezeni njia fupi ya jambo hilo na mlitoze ada.