Mwanangu, umeuliza natafuta nini huko ziwani

Mwanangu,

Ile voisi yako ya juzi nimeisikiliza mara tatu, ya kwanza nikakasirika, ya pili nikacheka, ya tatu nikaona bora nikuandikie juu kwa simu utanikatiza tu kama kawaida yako. Umesema "Mama una sukari miaka 25, unachoma sindano kila siku, sasa hizi triathlon za kuogelea, baiskeli na kukimbia za nini, unataka kumuonyesha nani?" Haya, nakujibu, lakini nazunguka kidogo, univumilie.

Kwanza nimesikia umemwambia shangazi yako ati mama anafanya Ironman. Hapana bana! Ironman ni kuogelea kilomita 3.8, baiskeli 180, alafu marathoni nzima juu yake, ile ilianzia Hawaii 1978, mimi sijarogwa. Yangu ni ile fupi, mita 750 majini, baiskeli kilomita 20, kukimbia 5. Ile wanashindana Olimpiki ni mara mbili ya hiyo, nayo sijaigusa.

Sasa kuna kitu hujawahi kujua. Ulipokuwa mdogo kule Bombo mimi nilikuwa nachomea insulini chooni, choo cha nje, usiku, na tochi nimeibana kwapani. Nyanya yako alikuwa anasema sukari ni ugonjwa wa wazee na wanene, na mimi nilikuwa na miaka 24, mwembamba kama ufito, hii aina ya kwanza haichagui unene lakini nani angemwambia mama mkwe? Niliogopa waseme nimewaletea ugonjwa nyumbani. Friji hatukuwa nayo so chupa ilikaa kwenye kijungu ndani ya mtungi wenye mchanga uliolowa, chini ya kitanda, na ukiuliza ni mtungi wa nini naambia watu ni wa udi.

Ramadhani ndo ilikuwa balaa yenyewe. Dini imemruhusu mgonjwa asifunge, hilo kila mtu anajua, ila ukila mchana lazima useme unaumwa nini na mimi kusema ndo sikutaka, so nilikuwa nafunga kwa macho ya watu, sukari ikishuka natetemeka, jasho linanitoka, naenda nyuma ya jikoni najirushia sukari ya chai mdomoni, nafuta midomo, narudi kwa futari ya wenyewe. Siku moja ulinikuta, ulikuwa na miaka 5 hivi, ukauliza mama unakula nini, nikasema dawa. Haikuwa uongo sana.

Mwaka juzi nilipojiandikisha mbio ya kwanza fomu ikauliza kama nina ugonjwa wowote. Nikaandika hakuna. Miaka yote hiyo, nyanya yako ameshatangulia, na bado mkono wangu ukaandika hakuna.

Asubuhi ile nikapima sukari nikakuta 14, iko juu. Woga huo, moyo ukienda mbio mwili unamwaga sukari wenyewe, woga ungeniacha ingeshuka. Mimi nikajichoma dozi ya kuishusha alafu nikaingia majini. Sasa misuli ikifanya kazi inavuta sukari yenyewe, na insulini ukishaichoma huwezi kuirudisha kwenye bomba, vitu viwili vinavuta upande mmoja. Kama mita 500 hivi mikono ikawa kama posho, ugali wa jana. Nikashika mtumbwi wa wale vijana waokoaji, wakauliza nyabo, yaani mama, una nini, na mimi, skiza mwanangu, nikasema NIMECHOKA TU. Wakanipa maji. Maji! Kijana mmoja alikuwa na soda yake nusu, nikamnyang'anya bila hata kuomba, nikakaa mle ndani nikitetemeka nikiwaza kumbe nataka kufa ziwani Entebbe kwa aibu ya choo cha Bombo.

Hii sikukwambia juu ungepanda basi usiku huohuo uje uiuze baiskeli.

Mbio iliyofuata nilijaza fomu vizuri, nikaenda mpaka kwa waokoaji mmoja mmoja nikawaambia, na mkononi nikaandika kwa maka, ile kalamu nene, SUKARI, NIPE SODA. Daktari wangu kaniwekea mipaka, chini ya 7 siingii majini mpaka nile kitu, juu ya 14 napima ketoni, ile asidi mwili unatoa ukikosa insulini, zikiwepo naenda nyumbani. Jeli ya glukosi naibana ndani ya nguo ya kuogelea (ndiyo ile ya kufunika mwili mzima, wacha waangalie). Pale kwa baiskeli nasimama napima, wenzangu wananipita, sawa. Na usiku sukari inaweza kushuka ukiwa umelala, hata saa nyingi baada ya mbio, so nakula muhogo kabla ya kulala na alamu ya saa nane usiku ni yangu, usipige simu kuuliza kwa nini niko onlaini.

Kuna Mmarekani anaitwa Gary Hall Jr., muogeleaji, aliambiwa ana aina hii hii yangu 1999, mwaka uliofuata akachukua dhahabu ya mita 50 Olimpiki ya Sydney, akairudia Athens 2004. Mimi nilikuwa wa mwisho kasoro wawili. Alafu ulijua insulini iko kwa orodha ya dawa zilizokatazwa michezoni? Wanaoshindana rasmi lazima waombe kibali. Mama yako mtu wa doping, waambie ofisini kwenu.

Na bilhazia, ndiyo, ziwa linayo, najua, nameza dawa yake, prazikuanteli, acha kunitumia zile fowadi.

So namuonyesha nani? Namuonyesha kila mtu, maka ni nyeusi na herufi ni kubwa. Hiyo ndo naitafuta huko, kuliko medali.

Mbio ijayo ni Jumapili ya mwisho wa mwezi. Nataka mtu wa kusimama pale kwa baiskeli na kikapu, mashine ya kupimia, stripu, ndizi mbivu, soda mbili. Basi la Arua likikuacha Ijumaa panda la Jumamosi asubuhi. Na soda usome chupa kabla ya kununua, shangazi yako mara iliyopita aliniletea ile isiyo na sukari, ati ananionea huruma.

Mama yako