Jibu: Je, jicho husoma mstari mzima kwa mara moja?

Ndugu, umeuliza iwapo msomaji mwepesi huona mstari mzima kwa mara moja. Hapana. Jicho huruka na kutua, na kila kituo huchukua takriban robo ya sekunde. Herufi hutambuliwa wakati wa kutua huko. Watafiti wa usomaji McConkie na Rayner, mwaka 1975, walitumia skrini iliyobadilisha herufi kwa kufuata macho, na tafiti zilizofuata zilionyesha kwamba wasomaji wa Kiingereza hunufaika na herufi 3 au 4 zilizo kushoto mwa kituo lakini takriban 15 zilizo kulia, ilhali kwa wasomaji wa Kiebrania, kinachosomwa kutoka kulia kwenda kushoto, upande mpana huwa ni wa kushoto. Kwa maoni yangu huo ni ushahidi mzito sana kwamba tofauti hiyo haitokani na jicho, kwa sababu jicho ni lile lile. Kinachohama ni umakini, unaotangulia kwenye neno linalofuata.

Jaribu mwenyewe: kazia macho herufi ya kwanza ya "watakapokuja" bila kuyahamisha, nawe utaona herufi za katikati zikisongamana, huku ya mwisho, yenye nafasi tupu kando yake, ikitambulika vyema kuliko jirani zake. Kwa sababu ya msongamano huo, kupanua nafasi baina ya herufi huwasaidia baadhi ya watoto wenye disleksia, yaani ugumu wa kujifunza kusoma.