Join na join in: mgeni anajiunga, au anaingia ngomani?

Kijana unayeanza kuongoza wageni Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma karibu na Mwanza, au kuwapokea hotelini Capri Point jijini humo, kitenzi join utakitumia kila siku. Kamusi inakwambia maana yake ni kujiunga, na wengi huishia hapo. Makosa huanzia hapo hapo, kwa sababu Mwingereza hutenganisha kuwa mwanachama na kushiriki jambo kwa muda, na anafanya hivyo kwa kijineno kidogo tu: in.

Chukua ngoma za Kisukuma. Kuna vyama viwili vikongwe vinavyoshindana, Bagika na Bagalu. Mtu akiingia chama, sema "He joined the Bagika." Ni mwanachama hata siku asiyocheza. Lakini mgeni amefika asubuhi, kakuta bugobogobo, ngoma ya majembe, imepamba moto, kapewa jembe naye kacheza dakika tano. Huyo "She joined in." Jioni anaondoka, na si Mgika wala Mgalu.

Kwa hiyo join in inadai shughuli iliyopo, na watu wanaoifanya: ngoma, wimbo, mpira, maongezi, hata kicheko. SACCOS haichezwi wala haiimbwi, basi "She joined in a SACCOS" ni kosa, ondoa in.

Yanayofuata baada ya in ni ya namna tatu. Unaweza kuishia hapo: "Please join in!" Unaweza kutaja shughuli: "join in the dance", "join in the singing". Au ukataja watu, na hapo ndipo with inapohitajika: "join in with the drummers". Usiingize shughuli katikati. "Join the dance in" hakuna.

Kosa linalosikika zaidi ni "join with us". Chanzo chake ni "na" yetu ya "jiunge nasi", ambayo tunaitafutia with kwa nguvu. Join peke yake inamshika mtu moja kwa moja: "Join us." Hata barabara ni hivyo hivyo: "The Sengerema road joins the Shinyanga road at Usagara." Join with ipo, ila ni ya lugha rasmi, kama salamu za rambirambi. Na kwenye chakula tumia for: "Join us for lunch", iwe ni sato au dagaa.

Matamshi yanastahili mazoezi ya kweli. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo ulimi wako utakaza join na kuimeza in. Kiingereza kinataka kinyume: sentensi ikiishia hapo, uzito unakaa kwenye in. Wakati uliopita, d ya joined inahamia kwenye in, inasikika kama "join-din". Usiongeze irabu ukasema "joinedi in". Rudia mara kumi kwa sauti, si kimoyomoyo.

Join up ni kitu kingine. Ni kuunganisha vipande, mfano nyavu mbili ("join them up"), au kundi kukutana na jingine: "We'll join up with the others at the jetty." Kwa Waingereza, hasa wazee, he joined up ni kuingia jeshini. Ukimuuliza mzee wa Kiingereza uwanjani "Do you want to join up?" atakushangaa.

Kukaribisha, "Join in!" inafaa ngoma ikiwa imekolea na mgeni anatabasamu. Kwa mtu mzima usiyemjua, anza na "Would you like to join in?" au "You're welcome to join in." Akijibu "I'd rather watch," anataka kutazama tu. Mtafutie kiti kivulini, usimvute mkono.