Bahari kwa siku moja ukitokea Kampala: angalia mwezi wa angani kabla ya kukata tiketi

Kila likizo ikikaribia watu wangu wa hapa Nsambya wananiuliza kitu kimoja, ati inawezekana kwenda kuoga baharini Mombasa na kurudi bila kulipa hoteli kule? Inawezekana kabisa, ila hiyo siku moja inaanzia Nairobi sio Kampala. Basi la kutoka hapa kupitia Busia au Malaba linakula saa kumi na mbili, na zaidi kama mpakani kuna foleni, sasa usipange kushuka kwenye basi asubuhi na kudandia treni ya Mombasa ya saa mbili hapohapo. Fika Nairobi siku moja kabla.

Na hiyo siku ya Nairobi msiimalize madukani jamani. Nendeni makumbusho ya reli, iko karibu na stesheni ya zamani mjini. Sisi tuliokulia kwenye kota za reli tumeshiba hadithi za wazee na gari moshi lao la kwenda pwani, basi pale unalishika kwa mkono. Tafuta gari moshi linaloitwa Mount Gelai, namba 5918, lilitengenezwa na Beyer Peacock wa Manchester miaka ya 1950, uzito tani 252, boila katikati na magurudumu yake huku na huku, yaani ukisimama mbele huoni nyuma linaishia wapi. Panda juu mpaka kwa dereva, yale mabomba na vali utashangaa mtu alikuwa anajua vipi afungue ipi. Watoto watauliza makaa yako wapi, waambie lilikuwa linachoma mafuta mazito. Treni ya siku hizi ni ya dizeli, haina mvuke wala ile kelele tamu, lakini kilomita 472 inazimaliza kwa saa tano au sita, wazee hawakuwahi kuota hivo.

Tiketi ya ekonomi ni shilingi 1,500 za Kenya tangu mwanzo wa 2024, zamani ilikuwa 1,000. Kichwa kinachouma Waganda wengi ni malipo, juu kukata kwa simu wanataka M-Pesa na laini yako ya hapa haitakusaidia, kwa hivo kama una shemeji au binamu Nairobi mtumie hela akukatie mapema, wikiendi na sikukuu zinajaa haraka sana. Mpe namba ya kitambulisho kilekile utakachobeba mkononi, mlangoni wanalinganisha. Halafu fika Syokimau, stesheni ya treni hiyo upande wa Nairobi, saa nzima kabla, kuna ukaguzi: mnapanga mabegi chini kwa mstari, mnarudi nyuma, mbwa anapita ananusa moja moja. Mimi napenda kuteremka na treni ya asubuhi na kurudi na ya saa nne usiku (kwenye tiketi imeandikwa 22:00). Wengine wanateremka usiku ili wapate mchana mzima ufukweni, sawa, lakini mbuga ya Tsavo wanaipita gizani na tembo wa pale unawaona ukiwa umekaa kitini, bure.

Sasa jambo lenyewe. Sisi ni watu wa ziwa, maji ya Ggaba ukiyaacha asubuhi jioni unayakuta palepale. Bahari sio hivo, inajaa na kupwa mara mbili kwa siku, na Mombasa tofauti ya kujaa na kupwa inaweza kupita mita 3. Ukifika yamekupwa utakuta mwani na mawe, na kwenye mawe kuna vile viumbe vyeusi vya miiba ambavyo ukikanyaga safari imeisha. Kwa hivo usichague tarehe kwa kalenda ya kazini tu, chagua kwa mwezi wa angani. Siku za mwezi mpevu na za mwezi mwandamo ndio bamvua, maji yanajaa sana, na pwani ile yanajaa kama saa kumi, kumi na moja jioni, halafu kila siku yanachelewa karibu saa moja. Treni ya asubuhi inakufikisha Miritini, stesheni ya Mombasa, kama saa nane mchana, unapambana na foleni ya Changamwe, unavuka daraja la Nyali, unatokea ufukwe wa Pirates pale Bamburi kwenye saa kumi hivi na maji ndio hayo yamekuja kukupokea. Ukienda wiki moja baadaye mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, yamejaa tangu asubuhi na wewe unafika yakiondoka. Pesa ileile, bahari nusu.

Ukiingia usifungue macho chini ya maji kama unavofanya ziwani, chumvi inawasha. Vaa malapa yanayoshika mguu. Kama hujui kuogelea kodi tyubu, mkubaliane bei KABLA hujaikalia, na ukae karibu na watu. Njaa ikiuma kula mihogo ya kukaanga, wanaipasua katikati wanapaka pilipili na ndimu, shushia na dafu. Beba chupa kubwa ya maji baridi ya kujimwagia, ukipanda treni na chumvi mwilini utajikuna mpaka Voi.

Saa kumi na mbili na nusu giza linaingia, saa moja uwe barabarani kurudi Miritini, foleni ya jioni sio mchezo na ukaguzi wa mbwa upo tena. Beba sweta, AC ya usiku haina huruma. Treni inakushusha Syokimau bado usiku, usikimbilie teksi ya mtu usiyemjua, kaa ndani ya stesheni na wenzako mpaka kupambazuke, ndio mtafute basi la kurudi Kampala.