Ukienda Berlin, Mjusi Wetu Usimpangie Jumatatu

"Dada shikamoo. Viza imetoka! Mwezi wa kumi na moja naenda Berlin kwa mafunzo. Natua Jumamosi, mafunzo yanaanza Jumanne. Hizo siku mbili za katikati nikatembee wapi?"

Marahaba mdogo wangu, na hongera sana. Ujumbe wako umenikuta natoa nguo kwenye sanduku, nimerudi kutoka huko huko Berlin na wiki haijaisha. Nilikujibu mistari mitatu, halafu usingizi ukakataa. Mwaka 2022 nilikuwa na siku mbili kama zako, Jumapili na Jumatatu, nikazipoteza zote. Uchungu wake nimekaa nao miaka mitatu. Sasa umenitoka, na najua wapo wengi wanaosubiri safari kama yako, kwa hiyo nakujibu hapa kwa kirefu wasome wote.

Mimi ni mzaliwa wa Lindi. Kwetu mtoto anasikia habari za mjusi, yule dinosaria wa Tendaguru ambaye mifupa yake iko Berlin, kabla hajajua kusoma. Bibi mzaa mama alikuwa akitusimulia kuhusu baba yake, aliyekuwa miongoni mwa vijana waliobeba mifupa kutoka kilima cha Tendaguru hadi bandarini Lindi. Mwendo wa siku nne kwa miguu, mzigo kichwani au umefungwa kwenye mti wa mabegani. Wajerumani walichimba pale kuanzia mwaka 1909 hadi 1913, na kuna misimu ambayo wafanyakazi walifika mia tano. Tani zipatazo 230 za mifupa zilipandishwa melini kwenda Berlin. Ukumbuke Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha mwaka 1907 tu, vikaacha njaa iliyomaliza vijiji vizima vya kusini. Watu waliopokea ujira wa kubeba ile mifupa walikuwa wametoka kuzika. Bibi alisema baba yake hakuambiwa ni mifupa ya nini. Aliambiwa tu asiidondoshe.

Basi mwaka 2022 nilipopata nafasi ya mafunzo Berlin, niliapa kwamba nitamwona mjusi. Mafunzo yaliisha Jumamosi, ndege yangu ilikuwa Jumatatu usiku. Nikapanga hivi: Jumapili nanunua zawadi za watoto, Jumatatu natulia siku nzima kwenye makumbusho aliko mjusi, Museum für Naturkunde, nikitoka hapo naenda uwanja wa ndege. Nilijiona nimepanga vizuri kabisa.

Jumapili nikatoka na orodha yangu ya viatu na mabegi ya shule. Kila duka limefungwa. Nikadhani ni mtaa ule tu, nikapanda treni kwenda mtaa mwingine, na huko kumefungwa. Ujerumani maduka hayafunguliwi Jumapili, ni sheria, isipokuwa Jumapili chache maalumu kwa mwaka. Ukikosa kabisa, kuna maduka ndani ya stesheni kuu ya treni na vioski vidogo vya mitaani wanavyoviita Späti, lakini vioskini unapata maji na biskuti, viatu hupati. Nilizunguka mpaka miguu ikavimba.

Na katika mzunguko ule ndipo nilipopigwa faini. Tiketi nilikuwa nayo, nimeinunua kwenye mashine kwa hela yangu, iko kwenye pochi. Lakini sikuigonga. Stesheni za Berlin hazina mageti ya kukuzuia, unaingia tu, na jukwaani kuna kijisanduku ambacho unatakiwa kuchomeka tiketi ya karatasi ipigwe muhuri wa saa. Wakaguzi wengine wanavaa nguo za kawaida kama abiria. Kijana aliyekuwa amekaa mbele yangu akasimama ghafla, akatoa kitambulisho. Nikamwonyesha tiketi, akaigeuza, akatikisa kichwa. Euro 60. Nilijaribu kueleza kwamba mimi ni mgeni. Behewa zima linanitazama. Mdogo wangu, hela inauma, lakini kutazamwa kama mwizi wakati umelipa kunauma zaidi, na hadi leo nikiingia kwenye treni yoyote mkono unakwenda wenyewe kwenye pochi kuhakikisha.

Jumatatu asubuhi nikafika Invalidenstraße namba 43. Jengo kubwa la mawe, la kuheshimika. Mlango umefungwa. Nikasubiri nikidhani nimewahi. Mama mmoja aliyepita na mbwa wake akaninyooshea kidole kwenye kibao: Jumatatu hawafungui.

Nilikaa kwenye ngazi nikalia. Mwenzangu mmoja wa mafunzo nilipomsimulia jioni kule uwanja wa ndege, alicheka, akasema, "Yaani umekuja Ulaya kulilia mifupa?" Sikumjibu. Leo namjibu: ndiyo.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ukisahau mengine yote huu ubaki nao: Berlin, Jumapili ni ya makumbusho, Jumatatu ni ya maduka. Makumbusho mengi yanafungwa Jumatatu. Humboldt Forum, lile jumba kubwa lililojengwa upya kwa sura ya kasri la wafalme, lenyewe linafungwa Jumanne. Pergamon, ambalo utalisikia likisifiwa, limefungwa tangu Oktoba 2023 kwa ukarabati mkubwa, usihangaike kwenda. Angalia siku kabla ya kuangalia kitu kingine chochote.

Safari hii ya pili nilijilipia mwenyewe. Miaka mitatu naweka akiba kidogo kidogo. Viza ya Schengen sasa ni euro 90 kwa mtu mzima, na bima ya safari lazima igharimie matibabu ya angalau euro 30,000. Maombi unaruhusiwa kuyapeleka kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasichelewe kuliko siku 15. Usiwe mtu wa siku ya kumi na sita. Mimi nilianza miezi minne kabla, nikiwa na barua ya mwajiri, taarifa za benki, tiketi na hoteli, na bado kuna karatasi moja nilirudishwa kuifuata. Kujaza zile fomu kunachosha na sina hadithi yake.

Nilitua Jumatatu. Uwanja wa ndege uko kanda C ya nauli za treni na mabasi, na tiketi nyingi watu wanazonunua ni za kanda A na B. Kutoka uwanjani nunua ya ABC. Nikaigonga. Nikaenda hotelini, nikalala. Jumanne saa tatu na nusu asubuhi, mlango unafunguliwa, mimi ni mtu wa tatu kwenye foleni.

Unaingia tu, ukumbi wa kwanza, yupo.

Picha zote mlizoona hazisemi kweli. Ana urefu wa mita 13.27 kwenda juu, na hakuna mifupa ya dinosaria iliyosimamishwa popote duniani inayomzidi kwa kimo. Jina la kitaalamu ni Giraffatitan brancai. Walimsimamisha kwa mara ya kwanza mwaka 1937. Mimi niliishia mguuni. Nilisimama chini ya mfupa wa paja nikajaribu kukadiria ulibebwa na watu wangapi, na mabega ya nani. Kichwa changu kilikuwa kimejaa sauti ya bibi. Msimamizi mkuu wa vibarua kule Tendaguru aliitwa Boheti bin Amrani. Ndiye aliyekuwa na mkono mwepesi wa kuufukua mfupa dhaifu bila kuuvunja. Majina ya maprofesa yanajulikana na kila mtu. Hili la Boheti litamke ukiwa pale, kwa sauti, hata wakikuangalia.

Nilikaa saa tatu. Watoto wa shule walikuja wakaenda, makundi manne, mimi nipo. Wabunge wa kusini wameuliza mara nyingi mjusi atarudi lini, na hilo nawaachia wao. Ninachojua ni kwamba baba mzaa bibi yangu alitembea siku nne, na mtu wa uzao wake hatimaye amefika mwisho wa ile njia. Najivunia. Sioni haya kusema.

Ukitoka pale usirudi hotelini. Fuata Invalidenstraße kuelekea mashariki kwa miguu hadi inapokutana na Brunnenstraße, kisha shuka kuelekea Rosenthaler Platz utafute namba 193. Tazama chini. Kuna kibati cha shaba cha sentimita kumi kwa kumi kimepachikwa kwenye njia ya waenda kwa miguu, kina jina la Mohamed Husen. Huyu alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904. Akiwa mtoto alipelekwa Vita vya Kwanza vya Dunia pamoja na baba yake upande wa Wajerumani. Mwishoni mwa miaka ya 1920 alikwenda Berlin kudai mishahara yao ya vita, wakamkatalia. Akabaki. Alifanya kazi ya uhudumu wa mgahawa, akapewa vijisehemu kwenye filamu, na akawa anasaidia kufundisha Kiswahili chuo kikuu. Mwaka 1941 alikamatwa kwa sababu ya uhusiano na mwanamke mzungu, akapelekwa Sachsenhausen, kambi ya mateso ya Wanazi, na huko akafa Novemba 1944. Watu wanapita juu ya jina lake wakienda kununua kahawa. Niliinama nikakifuta kile kibati kwa leso. Wewe pia chukua leso.

Sasa panda Brunnenstraße kurudi kaskazini na hutachelewa kukuta Bernauer Straße. Hapa ndipo pa kuuona Ukuta wa Berlin, ule uliougawa mji mashariki na magharibi. Wengi wanakimbilia Checkpoint Charlie, kituo cha zamani cha kuvukia ukuta, kupiga picha, na kwa kweli pale kumejaa biashara tu. Bernauer Straße ni bure, na wameacha kipande cha ukuta na eneo lake la mauti kama lilivyokuwa. Ukuta ulianza kujengwa tarehe 13 Agosti 1961, ukafunguka usiku wa tarehe 9 Novemba 1989, na watu wasiopungua 140 walipoteza maisha kwa sababu yake. Mtaa huu nyumba zilikuwa mashariki na barabara yake magharibi, kwa hiyo mwanzoni watu waliruka kutoka madirishani. Ukiwa huko mwezi wa kumi na moja jua litazama karibu saa kumi jioni, hivyo usiingie mchana sana.

Lango la Brandenburg utaliona, siwezi kukuzuia. Lakini ukishapiga picha yako, shuka mtaa wa Wilhelmstraße, dakika kama kumi hivi. Jumba la kansela wa Ujerumani lilikuwa namba 77. Humo, kuanzia tarehe 15 Novemba 1884 hadi 26 Februari 1885, wajumbe wa mataifa 14 walikaa kupangiana taratibu za kulichukua bara letu, Mwafrika hata mmoja hakuitwa. Siku iliyofuata baada ya mkutano kufungwa, Carl Peters, yule Mjerumani waliyemwita Mkono wa Damu, akapewa hati ya ulinzi kwa maeneo aliyoyapata Usagara na jirani zake kwa mikataba ya ulaghai. Jumba halipo tena. Kuna majengo ya makazi, watu wameanika nguo roshani, na kibao cha maelezo kando ya barabara. Simama usome. Vijana wetu wanarudi na picha mia mbili za lango na hawajui kwamba mita mia kadhaa kutoka walipokuwa wanatabasamu ndipo mipaka ya pasipoti zao ilipoanzia. Hili linaniumiza na nitalisema kila nitakapopata nafasi. Tukienda kwa watu, twende tukijua tunatafuta nini.

Ukibakiwa na nusu siku, treni ya U6 inayopita stesheni ya Naturkundemuseum ndiyo hiyo hiyo inayokwenda kaskazini hadi Rehberge na Afrikanische Straße. Huko kuna mitaa inaitwa Sansibarstraße, Usambarastraße, Tangastraße. Ulikuwepo na mtaa uliopewa jina la huyo Peters mwaka 1939. Tangu Agosti 2024 sehemu yake inaitwa Maji-Maji-Allee. Nilipiga picha kile kibao nikamtumia mama.

Mengine ni ya haraka. Maji ya bomba yananyweka. Chupa ya plastiki usitupe, ina amana ya senti 25, unairudisha kwenye mashine ya dukani. Beba euro za noti ndogo, bado kuna migahawa isiyotaka kadi. Tiketi moja ya AB inatumika saa mbili kwa kwenda mbele tu, huruhusiwi kurudi nayo. Kuba la bunge, Reichstag, ni bure lakini unajiandikisha mapema mtandaoni na kwenda na pasipoti, jiandikishe leo. Koti usinunue huku, nunua huko, Jumatatu. Na tiketi igonge. Narudia, igonge.

Kwa hiyo mdogo wangu, Jumamosi ukitua pumzika. Jumapili makumbusho yanafunguliwa saa nne asubuhi, na huku kwetu itakuwa saa sita mchana. Ukishafika chini ya mguu wake nipigie kwa video. Nitakuwa Lindi wiki hiyo, kwa mama, na anataka kumwona.