Kwa nini pengwini hawakuwafuata sadini?

SWALI: Nasikia sadini wa Afrika Kusini walihamia mashariki na pengwini wakaanza kupungua. Si wangewafuata tu? – Msomaji, Tanga

JIBU: Wangewafuata, kama si makinda. Mzazi anayelisha huwinda ndani ya kilomita 20 hadi 40 hivi kutoka kiotani, na haruki. Sadini walipohamia mashariki ya Rasi ya Agulhas, ncha ya kusini kabisa ya Afrika, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, pengwini wa magharibi walibaki mbali na chakula. Hatari kubwa zaidi huja wakati wa kubadili manyoya: takriban siku 21 nchi kavu bila kula, maana manyoya hayazuii maji. Asiyenenepa kabla ya hapo hufa njaa.

Ndege aina ya ganeti huruka mbali, lakini hata wale wa kisiwa cha Malgas, pwani ya magharibi, waligeukia mabaki ya samaki aina ya heki yanayotupwa na meli za uvuvi. Tumbo hujaa, mafuta ni haba, kinda hukua polepole.

Tangu 2025, uvuvi wa sadini na anchovi (samaki wadogo wanaoliwa pia na pengwini) umefungwa kwa miaka 10 katika maeneo yanayozunguka makoloni 6 ya pengwini, yaani sehemu wanakozaliana kwa makundi. Ni hatua nzuri, ila haiwarudishi sadini magharibi.