Posti ndefu au fupi? Fungua inboksi kwanza

Hili swali naulizwa karibu kila wiki, eti kontenti iwe ndefu au fupi, na zamani nilikuwa najibu fasta bila hata kufikiria: fupi bwana, watu siku hizi hawasomi. Najiamini kabisa. Mpaka godoro lilipokuja kunitia adabu.

Nilikuwa nashika akaunti ya jamaa mmoja anauza magodoro, yale yanayokuja yamekunjwa na kubanwa kwenye nailoni. Tukapiga klipu ya sekunde 20, unachana nailoni, godoro linafumuka taratibu mpaka linajaa kitanda. Ilitamba sana ile klipu. Laiki kibao, komenti za mioyo na moto, bosi anafurahi ananipigia simu usiku. Mauzo sasa, wiki nzima watu wawili, na mmoja ni binamu yake.

Ila inboksi ilikuwa imejaa. Gumu au laini? Mgongo unaniuma, litanifaa? Mimi mnene, halitabonyea katikati? Nikililalia siku tatu nikaona halinifai narudisha? Nikawa najibu mmoja mmoja, nakopi napesti, vidole vinauma, halafu usiku mmoja nikachoka, nikachukua majibu yote yale nikayaunga yakawa posti moja ndefu hasa, ya kushuka na kidole mara tano sita. Mwanzo wake niliandika hivi: "Ukiamka mgongo unauma? Kabla hujasingizia uzee, bonyeza godoro lako pale katikati."

Laiki hazikufika hata robo ya zile za klipu. Lakini meseji zilibadilika, watu wakaacha kuuliza gumu au laini, wakawa wanauliza mnaleta lini. Hapo ndo nikaelewa kumbe klipu ilibisha hodi vizuri tu, shida mlango ulipofunguliwa haikuwa na la kusema.

Tangu hapo kitu ninachopimia ni wasiwasi wa mnunuzi. Godoro mtu ananunua mara moja anakaa nalo miaka, akikosea analala na kosa lake kila usiku, sasa huyo sekunde 20 zitamtoa wapi wasiwasi? Wakongwe wa matangazo walilijua hili kitambo, mwaka 1958 David Ogilvy alitoa tangazo la gari la Rolls-Royce lenye maneno kama 600, juu kaweka kichwa cha habari kwamba gari likienda maili 60 kwa saa kelele kubwa utakayosikia ni ya saa yake ya umeme, halafu chini anashusha maelezo ya gari pointi kwa pointi. Asiyetaka gari angepita zake. Anayetaka angesoma mpaka mwisho na pengine akatamani yaongezwe.

Lakini usije ukanielewa vibaya ukaanza kushusha magazeti kila mahali, mimi mwenyewe hilo nimelifanya na likanitokea puani. Kulikuwa na darasa la bure la mtandaoni, nikatumwa niwakumbushe waliojiandikisha. Nikaandika barua pepe tamu, nimeanza na stori yangu ya maisha, nikazunguka weee, saa na linki vikaja kuonekana aya ya tano huko. Kesho yake watu wananiuliza, kwani lilikuwa lini? Mtu ameshajiandikisha, wasiwasi hana tena, anataka saa na linki basi. Mistari miwili ingetosha.

Na usidanganywe na nafasi unayopewa. Twitter walitoka herufi 140 wakaenda 280 mwaka 2017, TikTok wakaruhusu video za dakika 3 mwaka 2021 na mwaka uliofuata wakafika dakika 10, lakini hakuna aliyekulazimisha uzijaze. Kapsheni ya Instagram inabeba herufi 2,200 ila mtu anayeskroli anaona kipande cha mwanzo tu, kingine kimefichwa mpaka abonyeze. Kwa hiyo ukianza na "Habari za leo ndugu wateja wetu wapendwa, tunapenda kuwajulisha" umeshamaliza nafasi yote na hujasema kitu.

Kuna na hii ya "makala lazima iwe na maneno 2,000 ili Google ikupende". Google wenyewe wameshasema idadi ya maneno siyo kitu wanachotumia kupanga matokeo, lakini bado kuna wateja wanakuja na hiyo namba mkononi. Mimi niliwahi kuandika aya nzima yenye kichwa "Godoro ni nini?" ili maneno yatimie. Kweli kabisa! Kana kwamba kuna mtu duniani anatafuta godoro la kununua na halijui.

Ninavyofanya sasa hivi, nakaa na inboksi ya mteja nasoma meseji kama za mwezi mmoja, kila swali linalojirudia naliandika pembeni. Yakiwa mengi na mazito, naandika ndefu. Likiwa moja tu, tena jepesi, klipu inatosha. Na hata nikitaka vyote viwili naanza na ile ndefu ndo naikatakata, kila swali linakuwa klipu yake, maana ukianza na klipu kumi halafu uziunge upate makala utapata kitu kinachoruka ruka kama redio inayotafuta stesheni.

Juzi yule bosi wa magodoro kanitafuta tena, anaitaka ile klipu ya kufumuka irudi hewani, kazimisi laiki zake. Nimemwambia poa, tunairudisha, ila safari hii godoro likishafumuka mtu analikalia palepale katikati, yule mnene.